Shangazi, cheki haijaiva na mwenyewe anadai chenji

Shikamoo Shangazi,

Naandika hii saa tano usiku niko ndani ya gari nje ya nyumba hapa Bamburi, manake nikiingia ndani na simu mkononi mke wangu ataniuliza naongea na nani saa hizi. Mimi ni mwalimu wa ndege, miaka 46, nafundisha watu kurusha hizi ndege ndogo za injini moja hapa Pwani, na zamani nilipokuwa nafanya kazi bara nilikuwa narusha glaida kule Mweiga karibu na Nyeri. Glaida ni ile ndege haina injini, inavutwa na winchi ama na ndege nyingine, ikifika juu inaachiliwa, alafu wewe unatafuta hewa ya joto inayopanda ikubebe. Jina langu na imeili yangu ziko kwenye orodha moja ya walimu wa glaida kwa intaneti tangu siku hizo na sikuwahi kukumbuka kuitoa.

Sasa mwezi wa tatu mwishoni ikaingia imeili, Kiingereza cha kunyooka tu, mtu anasema yeye ni daktari yuko Uingereza, kijana wake wa miaka 19 anakuja likizo Mombasa wiki nne kuanzia tarehe 4 mwezi wa tano, anataka nimfundishe glaida saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, nimpe hesabu yote ya jumla. Nikamjibu kwa heshima, nikamwambia mimi hapa Mombasa sina glaida, hiyo ni mambo ya Mweiga ambako ni zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, lakini naweza kumwanzisha kijana kwa ndege ya injini, na pia huo mwezi wa tano huku kwetu ndio masika yenyewe, kuna siku tutakaa chini tunaangalia mvua tu. Akajibu hiyo ni sawa kabisa, bei ni ngapi na je napokea cheki ama kadi. Nikapiga hesabu ya saa 20 nikamwambia KSh 440,000.

Nikamuuliza kijana ana kilo ngapi. Shangazi, kwetu sisi uzito ni swali la kwanza, na kwa glaida ndio kabisa, ukiwa mwepesi kuliko kiwango unaongezewa vyuma ndio ndege isawazike, ukizidi hupandi, hakuna kubembelezana. Hakujibu. Nikauliza mara ya pili akasema habari zote za kijana zitafuata. Simu pia hapokei, ati ana shida ya masikio tuongee kwa imeili tu, na mimi nikaona haya kumsumbua mtu mgonjwa.

Cheki ikaja na kuria, ya pauni 5,500. Ukibadilisha inapita laki tisa. Nikamwandikia daktari umezidisha, akasema anajua, humo ndani kuna pesa za nyumba na dereva wa kijana, sasa ajenti wao wa hapa Mombasa hana akaunti ya kupokea pauni, kwa hivo mimi nikate zangu 440,000 na elfu ishirini ya usumbufu, zilizobaki nimtumie ajenti. Kabla ya hapo alikuwa ameniomba kopi ya leseni yangu na kitambulisho ati kwa faili ya kijana, nikaskani nikatuma.

Jumanne nikaipeleka benki. Kwa apu naziona, mstari wa juu laki tisa na kitu, mstari wa chini wa pesa naweza kutoa ni zile zile zangu elfu kumi na moja. Ajenti nikamwambia subiri. Huyu sasa ndio anapiga simu, anapiga asubuhi anapiga jioni, mwenye nyumba atampa mtu mwingine, tuma angalau 70,000 ya kushikilia. Jana nikatuma. M-Pesa ikaniletea jina la mwanamke, nikamuuliza, akasema huyo ni mhasibu wao. Hiyo 70,000 Shangazi ilikuwa karo ya muhula wa pili.

Leo ajenti anasema zilizobaki nizitume kesho kabla ya saa sita, nigawanye mara mbili, 250,000 alafu iliyobaki, la sivyo nafasi imekufa na ile 70 hairudi. Na daktari ameniandikia kwa ukali ati nimemwangusha na atanishtaki KCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa ndege Kenya. Rafiki yangu mmoja wa pale uwanjani ananiambia hawa ni wezi, lakini cheki nimeishika kwa mikono yangu, ina ile alama ya maji ukiinyanyua kwa taa, na pesa naziona. Nikope kwa chama nimalizie ili ile 70 isipotee? Na mke wangu namwambiaje, mimi mtu wa kila siku kuwafokea wanafunzi kwamba usiguse funguo kabla hujapitia orodha ya ukaguzi kutoka juu mpaka chini?

Rubani, Bamburi

*

Marahaba mwanangu.

Usitume. Hata shilingi moja, hata akilia. Maliza kusoma hiyo kwanza ndio uendelee na haya mengine.

Rafiki yako wa uwanjani kasema kweli, mpelekee kahawa. Sasa nikueleze kuhusu hiyo mistari yako miwili, manake mimi kabla ya kukaa hapa kujibu barua zenu nimekaa kaunta ya benki miaka 22 na hiyo mistari miwili imewaliza watu wengi mbele yangu. Mstari wa juu si pesa, ni karatasi. Unasema tu kwamba umeleta cheki na sisi tumeiandika. Mstari wa chini ndio pesa, na wewe mwenyewe umesema haujasogea, elfu kumi na moja yako iko palepale. Cheki ya hapa hapa Kenya siku hizi inaiva siku moja ya kazi baada ya kuiweka, lakini hiyo yako ya pauni inabidi isafiri mpaka benki ya huko ilikotoka, waitazame, waseme ndio au la, na hiyo safari inaweza kuchukua wiki nne, sita, mara nyingine zaidi. Jibu la "la" likija, laki tisa zinafutika mstari wa juu kama hazijawahi kuwako, na benki inakukata ada juu yake. Ndio sababu ajenti ana haraka namna hiyo. Yeye anajua kalenda ya hiyo cheki kuliko wewe.

Na hiyo alama ya maji isikubabaishe. Hizo karatasi huchapishwa vizuri sana, na mara nyingine akaunti iliyoandikwa pale juu ni ya kweli, ya kampuni ya watu wasiojua lolote, wameibiwa namba tu.

Bahati yako, na uniskize vizuri hapa, ni kwamba benki yako haikukupa kitu. Marekani wako pabaya zaidi, kuna sheria ya tangu 1987 inayolazimisha benki zao kumfungulia mteja pesa za cheki baada ya siku chache hata kama cheki yenyewe haijathibitika kule ilikotoka, kwa hivo mtu anaziona, anazitoa kabisa akazishika, anamtumia "dereva", alafu baada ya wiki mbili tatu benki inamwita, cheki ni feki, rudisha zote. Huu mtego umesukwa kwa ajili ya watu wa huko. Ndio manake daktari wako wa Uingereza alikuuliza cheki, wakati Waingereza wenyewe siku hizi cheki ni kama wameshaziaga. Mtu wa huko akitaka kukulipa anatoa simu anakutumia benki kwa benki, na nyumba analipa kivyake, na dereva kivyake. Kwani ajenti wa nyumba za wageni Mombasa anakosaje pahali pa kupokea pauni? Mji huu? Wazungu wanakuja hapa kuota jua tangu mimi sijazaliwa.

Nikupe kisa. Kuna mwaka alikuja kaunta kwangu kijana mmoja wa kusini huko ng'ambo ya feri, mwalimu wa kuzamia baharini, ana cheki yake na imeili ameiprinti anionyeshe kwamba ni kazi halali, wanafunzi wanne, wiki tatu, baba yao yuko melini hapatikani kwa simu. Nikaisoma ile karatasi. Ilikuwa barua nzuri tu, lakini pale penye neno la kuzamia herufi zilikuwa kubwa kidogo kuliko zingine, na nyeusi zaidi, mara tatu kwa barua nzima, kama kiraka kipya kwa shuka kuukuu. Ilikuwa barua ya mtu yeyote, wakakata neno moja wakabandika lake. Kabla yake pengine lilikuwa piano, ama kuogelea, ama tuisheni ya hesabu. Yule kijana alinikasirikia sana siku ile, akasema mimi namzibia riziki.

Yako wewe ni hiyo hiyo. Toa neno glaida, weka farasi, barua inasimama vilevile. Na mwanangu wewe ulishaijaribu bila kujua, manake umemwambia mtu anayetaka glaida kwamba glaida hakuna, akasema sawa kabisa. Umemwambia mwezi aliouchagua ni wa mvua, sawa kabisa. Nani anasafirisha mtoto kutoka Ulaya kuja kujifunza kitu ambacho ameshaambiwa hakipo, katika mwezi ambao hakirushwi? Ukamuuliza kilo, kimya. Nilimuuliza mpwa wangu anayerusha huko Nairobi, akanambia mwanafunzi wa kweli hata hangoji umuulize, anakuuliza yeye, ndege gani, daktari wa kupimwa afya yuko wapi, nitaruka peke yangu lini. Akanambia kwa kanuni za kimataifa leseni ya glaida inataka angalau saa 6 za kuruka, ndani yake saa 2 za peke yako, na kuruka na kutua mara 20, na mtu aliyeshikwa na hamu ya urubani hizo namba anazijua kabla hajakuandikia, amezisoma mpaka usiku. Huyu wako katika imeili zote hizo ameuliza kitu kimoja cha kweli, unalipwaje.

Mbona nyinyi marubani? Kwanza mnapatikana, majina na imeili zenu ziko wazi ndio mpate wanafunzi. Pili mgeni kutoka mbali kwenu si ajabu. Tatu vitu vyenu ni vya bei, laki nne ikitajwa hakuna anayeshtuka. Wanaouza glaida nao wanapata barua za namna hii hii, "mnunuzi" hataki kuiona, habishani bei, cheki inakuja imezidi, zilizozidi mpe msafirishaji. Na wanaonunua wanaibiwa kinyume chake, picha za glaida ya mtu mwingine pamoja na trela lake, bei nusu, mwenyewe amehama nchi, tuma rubuni. Huko angalau kuna pa kushika, ndege ina herufi mkiani, 5Y ni ya Kenya, G ya Uingereza, D ya Ujerumani, na rejista ya Uingereza iko wazi kwa intaneti mtu yeyote anaingia bure akatazama ndege ile ni ya nani, alafu unamwambia muuzaji akupigie simu ya video akiwa amesimama kando yake akufungulie mlango wa trela. Mwizi hapo intaneti yake hukatika ghafla. Weka hilo akilini kwa sababu nitalirudia, linakuhusu wewe pia.

Sasa kesho. Kabla hata ya kesho, sasa hivi ukiwa kwa gari hapo, chukua ile meseji ya M-Pesa ya 70,000 uitume yote kama ilivyo kwa 456 kuomba irudishwe. Sitaki nikupe matumaini ya bure, umetuma jana na hawa watu pesa hazilali kwenye laini, zinatolewa kabla chai haijapoa, na zikishatolewa Safaricom hawana cha kurudisha. Lakini meseji haigharimu kitu, na laini yenyewe itaangaliwa. Na huyo mama mwenye jina usimtafute wewe, wala usiweke jina lake mitandaoni, huenda ni mwizi na huenda ni mtu aliyeambiwa kuna kazi ya kupokea na kupeleka pesa akapewa elfu moja yake. Hiyo ni kazi ya polisi.

Asubuhi uwe mlangoni benki inapofunguliwa. Usiende kaunta, ulizia meneja ama mtu anayeshughulikia cheki za nchi za nje, mwambie unashuku cheki ni ya kughushi na unataka uiandike hiyo kwa barua, wakugongee muhuri nakala yako. Hili ndilo watu wanalipuuza na ndilo mimi nalitilia mkazo kuliko yote, manake cheki ikirudi na wewe umenyamaza, karatasi inasema mteja aliyeleta hati ya kughushi benki ni nani? Ni wewe. Kuwasilisha hati ya kughushi huku ukijua ni ya kughushi ni kosa lenyewe, hata kama hukuighushi. Ukiwa umetangulia na barua yako wewe ni mlalamishi. Nimeona watu wawili wameleta cheki za namna moja wiki moja, mmoja akahojiwa kama shahidi, mwingine kama mshukiwa, tofauti yao ilikuwa nani alisema kwanza.

Kutoka benki pitia kituo cha polisi upate namba ya OB, kile kitabu chao cha kuandika matukio. Usikubali kuambiwa ati haya ya mitandao hayaandikwi, kuna sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 na ulaghai umo ndani. DCI, wale wapelelezi wa jinai, wana laini ya bure 0800 722 203 ukikwama. Beba ile bahasha ya kuria, usiitupe, ina namba ya usafirishaji, na zile imeili usifute hata moja, hata zile za matusi, ziache kwenye sanduku zilivyo manake imeili ndani yake inabeba njia iliyopitia, ukiiprinti peke yake njia haionekani.

Alafu leseni yako. Hii mwanangu wewe umeipitia kwa sentensi moja na mimi ndio imeninyima raha kuliko 70,000. Mtu ana kopi ya leseni ya rubani wa kweli na kitambulisho cha kweli, kesho anaweza kuandikia mtu Ujerumani ati mimi ni mwalimu Mombasa nauza glaida yangu, hii hapa leseni yangu ukitaka kuhakikisha. Kwa hivo waandikie KCAA wewe mwenyewe, useme kopi imeenda kwa walaghai tarehe fulani, OB namba fulani. Alisema atakushtaki kwao, si ndio? Mtangulie. (Nimecheka kidogo, wallahi, nikiwaza hayo mashtaka yatasemaje, rubani amekataa kumpelekea dereva nauli.) Na ile orodha ya zamani ya walimu wa glaida, waambie watoe jina lako ama waweke imeili nyingine.

Wakikuandikia tena usijibu. Usijaribu kuwatega, usimtukane, kunyamaza tu. Ila kuna barua nyingine itakuja, pengine baada ya wiki pengine baada ya miezi miwili, na hiyo ndio nakuomba uiogope. Itatoka kwa "wakili", ama "kitengo cha kimataifa cha kurejesha fedha", itakuwa inajua kiasi ulichopoteza na tarehe uliyotuma, utashangaa wamejuaje. Wamejua kwa sababu ni wao, ama wameuziwa jina lako na wao. Watasema pesa zako zimepatikana, lipa elfu kumi na tano ya ada. Yule mwalimu wa kuzamia niliyekuambia, cheki alinusurika kwa sababu yangu, hii ya pili alilipa.

Kuhusu kukopa kwa chama umalizie ili 70 isipotee, 70 imeshapotea mwanangu. Haingoji wenzake. Ukituma laki nne kesho saa tano, keshokutwa kutakuwa na bima ya kijana, ama ushuru wa nyumba, na kila moja itakuwa ya mwisho.

Na mke wako. Mbona umekaa kwa gari? Yeye si mwanafunzi wako, hatakuuliza orodha ya ukaguzi. Atakasirika, hilo lipo, na ana haki, karo si yako peke yako. Lakini hasira ya 70,000 uliyoambiwa na mumeo usiku huu ni moja, na hasira ya kuigundua mwenyewe ni nyingine kabisa, hiyo ya pili haiishi. Mwambie kiasi, mwambie umesimamisha, mwambie kesho unaenda benki na kituoni na kama anaweza aje na wewe. Wengine huja, na mke kwenye hiyo benchi ya polisi huuliza maswali mazuri kuliko mume. Karo nayo, mpigie mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa umwombe kulipa kwa awamu, wanapokea simu za namna hiyo kila muhula. Lakini fanya hilo la mke kwanza, usiku huu, manake meseji za shule za kukumbusha karo mara nyingi zinaingia kwa simu ya mama.

Shangazi